Vidole Vitatu Kuelekea Kona

Jumatatu ya kwanza ya usimamizi wake, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Saba aliweka kikombe cha chai juu ya meza yake mpya, akafungua droo kutafuta kalamu, na alipoinua macho kikombe hakikuwapo. Kilikuwa kimeteleza hadi ukingoni, ambako mshonaji wa cherehani ya tatu alikidaka kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kusukuma kola chini ya sindano. Alikirudisha bila kugeuza kichwa.

"Weka kitambaa chini yake," alisema. "Chai ya moto hiyo, usije ukatuunguza."

Saba alikunja kipande cha khaki, akakitia chini ya kikombe, na kikombe kikatulia. Wakati huohuo rili tatu za uzi wa bluu zilishuka rafuni, zikashika njia ya katikati, zikapita cherehani ya tano, ya saba na ya tisa, zikaenda zao hadi kona ya mwisho. Huko Shangazi alizizuia kwa unyayo, moja baada ya nyingine, akazitia kapuni. Mwenye uzi wake angezifuata saa nne, wakati wa chai. Hakuna aliyesimamisha cherehani.

Sakafu ya kiwanda kile cha sare za shule iliinama kufuatana na moyo wa msimamizi. Jambo hili lilijulikana kama ilivyojulikana kwamba choo cha pili hakina komeo. Viwanda vingine paa huvuja, hiki sakafu huinama, na kila cherehani ilikuwa na kabari zake za kadibodi iliyokunjwa, zenye namba, asije mtu akachukua kabari ya mwenzake. Msimamizi mwenye roho juu aliipa sakafu mteremko mkali, na mwenye wasiwasi kidogo aliipa mteremko kidogo. Asiye na wasiwasi kabisa alikuwa hajapatikana. Zile siku chache baada ya msimamizi mmoja kuondoka na kabla ya mwingine kuteuliwa, sakafu ililala sawasawa, na watu walikula chakula cha mchana bila kushikilia sahani.

Sasa alikuwa ameteuliwa Saba. Jina hilo alilipata kwa kukaa kwenye cherehani ya saba miaka kumi na moja, na cheo hakikulifuta. Miaka yote hiyo aliujua mteremko kama abiria anavyolijua gari bovu. Alikuwa hata na maoni makali juu ya wasimamizi waliopita, ambayo aliyatoa kwa sauti ndogo, kwa mumewe, nyumbani. Sasa usukani ulikuwa mkononi mwake na gari lilikuwa bovu vilevile.

"Vidole vitatu," Shangazi alimwambia saa nne, alipokwenda kuchukua uzi.

"Vitatu vya nini?"

"Mteremko wako."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kiwandani. Alikuwa mama anayeelekea uzeeni, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa khaki, na alipenda kujua mambo ya watu kuliko alivyopenda chai. Kazi yake ilikuwa ya mwisho kabisa. Shati likishapigwa pasi, yeye hulitia vifungo, hulikunja, hulitia kwenye mfuko. Pasi ilitangulia kwa sababu vifungo vilikuwa vya plastiki na viliyeyuka. Kona aliichagua mwenyewe miaka ishirini na sita iliyopita, alipoona kwamba sakafu ikiinama huinama kuelekea huko, na kwamba kifungo kikidondoka popote kitamfuata alipo. Mteremko aliupima kwa kutia vidole chini ya mguu wa kigoda chake ulioning'inia.

"Aliyekutangulia aliishia vitano," aliendelea. "Alikuwa anaogopa simu. Ikilia tu, mikasi inaondoka mezani. Wa kabla yake vilikuwa viwili tu, lakini kutwa nzima, bila kupumzika. Kawivu kadogo kadogo, hakaishi. Na wewe unaogopa nini, mwanangu?"

"Mimi? Siogopi kitu."

Kigoda kiliyumba. Shangazi alitia kidole cha nne chini ya mguu, akamtazama Saba kwa furaha ya mtu aliyeonjeshwa habari.

Jumatano mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Bosi, alimwita Saba ofisini kwake. Ofisi ilikuwa ng'ambo ya ua, juu ya ngazi, na sakafu yake haikuwahi kuinama hata siku moja. Bosi alimwonyesha picha ya mashine yenye ukubwa wa kabati la nguo. Ingetoboa vitundu na kutia vifungo, mashati mia mbili kwa saa. Ilikuwa nzito na haikuvumilia mteremko, hata wa unene wa ukucha. Mwisho wa mwezi ujao fundi mitambo angekuja na vipimo vyake. Akikuta sakafu imelala sawa, mashine ingeletwa. Akikuta vingine, Bosi angetafuta msimamizi mwingine, na Saba angerudi kwenye cherehani yake.

"Nimemwaga saruji upya mara mbili," Bosi alisema. "Saruji haina kosa. Tatizo ni wasimamizi. Wewe nimekuchagua kwa sababu hubishani na mtu."

"Na Shangazi?" Saba aliuliza. "Mashine ikija?"

"Shangazi atapata la kufanya. Kiwandani kazi haziishi."

Saba alitaka kuuliza ni kazi gani. Lakini alikwisha kuuliza swali moja, na la pili lingeonekana ubishi, naye ndiyo kwanza ana siku tatu kitini. Alisema asante. Alipofika chini alikuta wenzake wote wamekumbatia rili zao kifuani, wakimsubiri apoe.

Mumewe alikuwa mwashi. Jioni ile, wakati wa kula, Saba alimwomba pimamaji.

"Ya nini?"

"Ya kazini."

"Kazini kwenu si mnashona?"

"Sakafu."

Mumewe alikuwa amesikia habari za sakafu ile miaka kumi na moja, na siku zote alitamani kwenda kuiona. "Kwani inainama kwa nguzo au kwa msingi?"

"Siku hizi inainama kwa moyo wangu."

Mwashi alitafuna, akafikiri. "Hiyo sijawahi kuijenga," alikiri. Akanyanyuka, akaileta pimamaji, ubao mwembamba wenye kichupa cha maji na kipovu ndani yake. "Ila usiisome ikiwa mkononi. Mkono unatetemeka, na kipovu kinakudanganya. Ilaze chini, toa mkono, ngoja kitulie, ndipo usome."

Kuanzia siku iliyofuata Saba alitembea na pimamaji kwapani kama wengine wanavyotembea na mkoba. Likitokea jambo, aliilaza sakafuni, akatia vidole chini ya ncha iliyoinama mpaka kipovu kikakaa katikati, akavihesabu vidole, akaandika. Siku mbili za kwanza aliona haya. Siku ya tatu udadisi ulizidi haya, na aligundua kwamba udadisi wenyewe hauiinamishi sakafu. Hilo pia aliliandika.

Kijitabu chake kilisomeka hivi:

Alhamisi, saa tatu. Mkasi amenisahihisha vipimo vya kiuno mbele ya watu. Vinne.

Alhamisi, saa tano. Nimesema "najua", na sikujua. Vitatu na nusu.

Ijumaa. Nimecheka mzaha wa Bosi. Haukuchekesha. Viwili.

Ijumaa, mchana. Nimemfokea wa cherehani ya kwanza kwa kuacha pasi ikiwaka juu ya kitambaa. Sifuri. Nimepima mara mbili.

Jumamosi. Wawili walikuwa wananong'ona, nikakaribia, wakanyamaza. Vitano. Baadaye nimeambiwa walikuwa wanazungumzia bawasiri ya mmoja wao.

Jumanne. Mashati sita yamerudishwa na shule, kola zimepinda, hayajulikani ni ya nani. Yameandikwa kwa Shangazi. Sifuri.

Yule Mkasi alikuwa ndiye mkata vitambaa, fundi kuliko wote, na kila mtu alidhani cheo kingekuwa chake. Yeye mwenyewe alikwisha kununua viatu.

Na hilo la Jumanne lilikuwa desturi ya nyumba. Kila shati lilipaswa kutembea na kikaratasi chenye namba ya cherehani iliyolishona, kimebanwa kwenye kola. Lakini vikaratasi vilidondoka kwenye pasi, na shati likirudi bila kikaratasi, kosa liliandikwa katika daftari la makosa kwa jina la mkono wa mwisho kuligusa. Mkono wa mwisho ulikuwa wa Shangazi siku zote. Daftari lilisomwa kila Jumamosi saa sita, na jina la Shangazi likitajwa, watu walishusha pumzi kwa pamoja. Saba mwenyewe, zamani zake za cherehani ya saba, aliwahi kushusha pumzi hiyo. Kwa hakika alikumbuka mara mbili, kola mbili alizozishona huku akisinzia.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Shangazi husema, kisha hutunga uzi kwenye sindano. Hakuwahi kusema zaidi ya hapo, na hakuna aliyemwomba aseme zaidi.

Saba aliitazama ile sifuri ya Jumanne. Ilimpendeza. Alipiga mstari chini yake, akaendelea na mambo mengine.

Wiki ya pili alianza majaribio. Alimwendea Mkasi kwenye meza ya kukatia, futi shingoni, mbele ya watu wote, akasema alilokuwa hajawahi kulisema tangu apewe kiti.

"Sijui kupanga kitambaa cha sketi ya marinda. Nifundishe."

Sakafu iliruka hadi vidole vitano. Mkasi alidaka mkasi wake hewani, mshonaji wa tatu akadaka kikombe, chaki zikateremka zote kwa Shangazi. Kisha, Mkasi alipoanza kueleza, sakafu ikajinyoosha kidole kimoja, kingine, na kingine, kama mtu anayejaribu kiti asichokiamini. Mkasi alieleza kwa saa nzima. Alipomaliza sakafu ilikuwa kidole kimoja na nusu, na kwa mara ya kwanza alimwita "Msimamizi."

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya mazoezi tu, kama kujifunza kushona pindo. Waliokuwa wakinong'ona aliwaacha wanong'one. Kama ni bawasiri, ni yao. Mizaha isiyochekesha aliisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, Bosi," na Bosi hakufa. Neno la kuchoma likimfikia, alilifanyia kama mumewe alivyomfundisha kuifanyia pimamaji. Alililaza chini, akatoa mkono, akangoja kipovu kitulie, ndipo akalisoma. Maneno mengi, yakishatulia, yalikuwa na ukweli kidogo na makelele mengi. Ule ukweli kidogo aliutumia. Kabari moja iliondolewa chini ya cherehani ya pili, kisha mbili chini ya cherehani ya sita. Wenyewe walizitia kwenye droo, maana binadamu haaminiki.

Kidole kimoja kiligoma kuondoka. Saba alikifuata hadi kona, akakaa juu ya gunia la mabaki ya vitambaa, karibu na kigoda.

"Umeniuliza siku ile naogopa nini," alisema.

Shangazi aliacha kushona. Hilo lilikuwa nadra.

"Naogopa hiki kiti si changu. Wanasema nimepewa kwa sababu sibishani na mtu. Na ni kweli, Bosi mwenyewe kaniambia."

"Kwani kiti ni cha nani? Ni cha Bosi. Vyote humu ni vya Bosi. Hata hiki kigoda."

"Kwa hiyo naogopa bure?"

"Mimi sijasema bure. Nimesema ni cha Bosi."

Saba alicheka, na kicheko kilimtoka chenyewe. Kigoda kilitikisika kidogo kikakaa. Shangazi alitia kidole chini ya mguu na kidole kikagoma kupita zaidi ya ukucha.

"Habari za mashine unazijua?" Saba aliuliza.

"Mwenye kuleta barua ya mashine aliniomba nimsomee anwani. Nikasoma na mengine."

"Na bado unanisaidia?"

"Miaka ishirini na sita mgongo wangu umelala upande," Shangazi alisema. "Nataka nikae sawasawa angalau wiki moja, nione utasemaje. Halafu nina hamu ya kujua kama kweli inawezekana. Wewe huna hamu?"

Saba alikuwa nayo. Alikuwa na hamu kuliko alivyokuwa na kitu kingine chochote, na aliona vyema kukaa pale na mtu mwenye hamu ileile.

Fundi mitambo alifika siku iliyopangwa, na chombo chenye miguu mitatu na jicho la kioo. Alikisimamisha katikati ya kiwanda. Bosi alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Cherehani zote zilinyamazishwa. Fundi aliinama kwenye kioo, na papo hapo Mkasi akatoka mezani kwake na sketi mkononi.

"Msimamizi, samahani, lakini hili haliwezi kungoja," alisema. "Zile sketi arobaini za jana. Tazama kiuno." Aliinyanyua juu watu wote waione. Ingemtosha paka.

Saba aliitazama sketi. Alihisi joto alilolijua tangu utotoni likipanda shingoni, na macho ya Bosi yamemtulia kisogoni. Alililaza chini lile neno. Alitoa mkono. Alingoja.

"Nimekosea mimi," alisema. "Nilikusomea orodha ya mwaka jana. Zote arobaini ni kosa langu. Tutazifumua leo, na mimi nitakaa cherehani ya saba kuwasaidia."

Fundi mitambo hakuinua jicho kwenye kioo. "Haijatikisika," alisema, akaandika namba. Alipima kwenye kona, alipima mlangoni, alipima mbele ya meza ya Saba. Kisha akafunga miguu ya chombo chake na kuomba maji ya kunywa. Mshonaji wa cherehani ya tatu aliondoa kitambaa chini ya kikombe chake, akakitumia kufutia pua, na hakukirudisha tena.

Bosi alimpa Saba mkono. "Umekomaa," alisema, na alimaanisha.

Jumamosi saa sita Saba alifungua daftari la makosa aandike zile sketi. Cherehani ya kwanza ilikuwa na ukurasa wake, ya pili wake, mpaka ya kumi na mbili. Mkataji alikuwa na wake, mpiga pasi wake, vifungo wake. Msimamizi hakuwa na ukurasa. Alilipindua daftari mara mbili, akampelekea Bosi ng'ambo ya ua.

"Si umeshasema mbele ya watu?" Bosi alisema kwa upole. "Huo ni uungwana, inatosha. Daftari ni la mafundi. Andika kwa utaratibu wa siku zote."

Utaratibu wa siku zote ulikuwa mkono wa mwisho. Sketi zilikuwa na kifungo kimoja kila moja, kiunoni. Saba alirudi, akaandika palipokuwa na nafasi, kisha akasoma kwa sauti kama alivyopaswa.

"Arobaini?" Shangazi aliuliza kutoka kona.

"Arobaini."

"Ndizo zile sketi za paka?"

"Ndizo."

"Haya," Shangazi alisema, akatunga uzi. Watu walishusha pumzi. Saba alilaza pimamaji sakafuni, akasoma, akaandika: sifuri.

Mashine ililetwa Jumanne na wanaume wanane. Iliwekwa kona, kwa kuwa kazi ya vifungo ilikuwa kona, na kigoda cha Shangazi kilihamishiwa karibu na mlango. Alikaa pale siku sita, sawasawa kabisa, akifyeka nyuzi zilizobaki na kuwauliza wapita njia wanakwenda wapi. Saba alipomuuliza kuhusu mgongo, alisema bado unauma, ila sasa unauma pande zote mbili, na hilo ni jambo jipya.

Siku ya saba Bosi alimwita Saba juu. Daftari la makosa lilikuwa mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa Shangazi, na pembeni yake barua ya kumwachisha kazi.

"Mia sita na kumi na mbili," Bosi alisema. "Tangu daftari hili lianze. Hakuna fundi mwenye hata nusu ya hayo. Nilitaka kumpa kazi ya kukagua. Sasa mtu kama huyu nimpe ukaguzi?"

"Si yake," Saba alisema. Alilisema vizuri, bila kutetemeka.

"Ni ya nani?"

"Arobaini ni yangu. Na kola mbili za zamani ni zangu pia. Mengine sijui."

"Sijui," Bosi alirudia, bila kumkejeli. "Ndiyo maana nakupenda siku hizi, msema kweli. Basi tutoe arobaini na mbili. Yanabaki mia tano na sabini." Aliisukuma barua hadi upande wa Saba. "Mpe wewe. Mimi nitafoka tu. Wewe una moyo mtulivu."

Saba angeweza kusema sitaki. Lakini alikuwa amefanya mazoezi ya sijui, na ya nimekosea, na hilo la tatu hakuwahi kulifanyia mazoezi hata asubuhi moja. Aliichukua barua.

Akishuka ngazi alitumaini. Alitumaini kwamba akivuka ua na kufungua mlango atakuta rili zinakimbia, mikasi imedakwa, wenzake wamekumbatia vitu vyao na wanamtazama. Alifungua mlango. Ilikuwa saa nne. Watu walikuwa wanakunywa chai, na vikombe vilikuwa mezani bila vitambaa.

Shangazi alivaa miwani, akasoma barua yote, mbele na nyuma.

"Wamebadilisha mhuri?"

"Ndiyo. Tangu mwezi uliopita."

"Huu ni mzuri zaidi." Aliikunja alivyokunja mashati, mikono ndani, kola juu. Kisha akainama, akajaribu kutia kidole chini ya mguu wa kigoda, mguu mmoja, wa pili, wa tatu. Alisimama polepole. "Hata wembe haupiti," alisema. "Hongera, mwanangu. Kumbe inawezekana."

Hakukuwa na kijembe ndani ya sauti yake. Saba aliumia. Aliumia kweli, palepale kifuani panapouma, na alisimama akiingoja sakafu. Sakafu ilikaa. Alijikumbusha makusudi viatu vya Mkasi, mizaha ya Bosi, joto la shingoni, na vyote vilikuja, vikalala chini, vikatulia. Moyo wake ulikuwa umeshajifunza, na haukujua kusahau kwa kuamriwa.

Shangazi aliacha kigoda, kwa kuwa kilikuwa cha Bosi. Mto wake wa mabaki ya vitambaa aliuchukua. Alimuaga mpiga pasi, akamuuliza mkwewe amejifungua au bado, akatoka.

Alasiri Saba aliilaza pimamaji katikati ya kiwanda. Kipovu kilikaa katikati. Aliirudisha kwapani, na aliponyanyuka kiwiko chake kilipangusa kopo la vifungo vyeupe mezani. Kimoja kilidondoka, kikasimama kwa ukingo, kikaanza kwenda. Kilishika njia ya katikati, bila haraka. Kilipita cherehani ya tano, ya saba, ya tisa, kikafika kona, kwa mwanamke aliyeajiriwa Jumatatu kuendesha mashine ya vifungo. Alikizuia kwa unyayo bila kuangalia.

Saba alipima tena. Sifuri. Alichukua rili ya uzi wa bluu, akaiweka sakafuni taratibu, akatoa mkono. Nayo ilikwenda kona. Alipima mlangoni, akapima mbele ya meza yake, akapima chini ya cherehani ya saba, ambako alikaa miaka kumi na moja, na kila mahali kipovu kilikaa katikati. Aliyaandika yote mawili, moja chini ya jingine: sakafu sifuri, rili kona.

Saa kumi mpiga pasi alileta mashati matatu yaliyorudishwa na shule. Mifuko ilikuwa imeshonwa juu chini. Vikaratasi havikuwapo.

"Nani ameyagusa mwisho?" Saba aliuliza.

Mafundi kumi na wawili, bila kusimamisha cherehani, walielekeza videvu kona. Saba alifungua ukurasa mpya. Chai yake, mezani, haikusogea.